Kiti cha Pili cha Datsun

Jumamosi, 2 Machi 2024

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo la Sayansi, darasa la sita. Nimechana kurasa tatu za mwanzo, sasa ni langu. Aliyenishauri ni Modesta, muuguzi wa zahanati yetu. Alisema, "Mwalimu Eugenia, wewe una maneno mengi na huna wa kumwambia. Andika, presha ishuke." Haya, naandika. Mvua imeanza leo saa nane mchana. Mimba yangu ina miezi sita. Ni ya tatu, na mbili za mwanzo hazikufika hata miezi minne. Hii nataka ifike, nataka kuliko kitu chochote.

Naishi kwenye mji wa baba mkwe wangu, Mzee Mogesi, nje kidogo ya Nyakunguru. Mume wangu Vincent ni wakala wa forodha Sirari. Siku za kazi analala hukohuko, Ijumaa jioni anakuja na gari lake, Toyota IST. Mimi ni Mhaya wa Muleba. Serikali ndiyo iliyonileta Tarime kufundisha, na Vincent ndiye aliyenifanya nisiombe uhamisho.

Gari lingine hapa nyumbani ni la mzee: Datsun 240Z ya mwaka 1972, nyekundu iliyopauka, boneti ndefu kuliko gari lenyewe. Enzi hizo mzee alikuwa fundi Nakuru, kwenye gereji ya magari ya mashindano. Hili lilipinduka mtaroni, mwenyewe akalisusa. Mzee akaomba mabaki, akayaunga kwa miaka miwili, akavuka nalo mpakani kuja kumwoa mama mkwe. Lina viti viwili basi, cha dereva na cha abiria. Nyuma ya viti pana nafasi ya kutupia begi.

Halafu kuna soni. Hata kwetu mkwe anaheshimiwa, lakini huku heshima ina uzio. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hanipi mkono, hakai nilipokaa. Tukikutana njiani, yeye anachukua upande huu wa majani, mimi ule. Akitaka kunisemesha anapitia kwa mtu mwingine: "Mama, mwambie mwalimu mbuzi wameingia kwenye mahindi." Na mimi nimesimama palepale! Mwaka wa kwanza nilidhani ananichukia, nikalia sana. Vincent akacheka, akasema, "Asiyekuheshimu angekusemesha."

Jumapili, 3 Machi

Baada ya kanisa, baba na mwana walikuwa bandani wakibishana juu ya magari. Mimi nachambua maharage nyuma ya jiko, masikio yote kule.

"Baba, langu lita moja linakwenda kilomita kumi na sita. Lako linakunywa kama mlevi wa mpakani."

"Mlevi angalau anaimba, mura. Lako limewahi kuimba?"

"Lina AC. Lina kamera ya kuonyesha nyuma."

"Mwanaume anahitaji televisheni ndipo arudi nyuma?"

Vincent akaliwasha. IST yake, kama nyingi zinazotoka Japani, ikiwashwa inaongea Kijapani, sauti ya kike yenye adabu. Mzee akavua kofia, akainama kidogo, akaitikia, "Marahaba." Nilicheka mpaka maharage yakamwagika.

Lakini baadaye alisema neno lililonikaa. "Langu likiumwa linasema. Plagi ikichoka linakohoa, kabureta ikiziba linaguna. Hili lako linawasha kitaa cha njano tu, linanyamaza mpaka life." Nikajiuliza, katika mji huu wa kutumiana maneno, sisi watu ni gari lipi?

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Darasani tuliwekea matone ndoo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimetoka mjini Tarime kupigwa picha ya tumbo. Majibu nilimpelekea Modesta, akayasoma mara mbili kabla ya kuniangalia.

"Mtoto mzima, anacheza. Shida ni kondo la nyuma. Limekaa chini, limeziba mlango. Hujifungulii hapa kwangu, sikia mwalimu, wala mtu asikudanganye. Utafanyiwa upasuaji hospitali, tarehe watakupangia. Na kabla ya hapo, ukiona damu, hata tone, usitafute sababu. Panda gari uende."

"Gari gani, Modesta? La Vincent linakuwa Sirari siku tano."

"Basi mpange. Hilo si la kwangu, ni la familia."

Nimerudi kwa miguu, mkono tumboni, nikiongea naye huko ndani. Nimemwambia atulie mahali pake, asiwe na haraka kama Wahaya wanaowahi harusi.

Jumamosi, 16 Machi

Leo tumekaa kikao. Kuna mtu wa Isebania, jina lake Nelson, ananunua magari ya zamani na kuwauzia matajiri wa Nairobi. Kwa mara ya tatu mwaka huu anaitaka Datsun. Vincent alijipanga vizuri: baba auze, tununue gari la kawaida la viti vitano likae hapa nyumbani, jirani yetu Godwin mwenye leseni awe tayari kunipeleka siku yoyote.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama mkwe wangu, Mama Tabitha, ingawa mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni nasikia kila kitu.

"Mama, mwambie mwalimu nimesikia habari ya mtoto, na ninamwombea. Lakini nikiuza lile gari nimeuza miguu yangu. Vincent si ana gari? Alilete."

"Baba, gari la viti viwili la nini kwenye mji wa watu wengi?"

"Lilitosha kumleta mama yako."

Mama Tabitha akaangalia chini akitabasamu, kama bibi harusi. Kikao kikafa hapo. Nilikasirika, lakini ningemshindaje mtu anayempenda mkewe miaka yote hiyo?

Jumatano, 20 Machi

Nimenyeshewa nikitoka shule, halafu nikakutana na kituko.

Nilikuwa nusu ya njia, hakuna mti wala kibanda. Nikasikia mngurumo nyuma yangu, Datsun. Nikapisha kwenye majani kama kawaida. Gari likasimama. Mzee akashuka, akafungua mlango wa abiria, akaangalia huku na huku akitafuta wa kumtuma maneno. Hakuna mtu, hata ng'ombe hakuna. Akaligonga gari kwenye paa.

"Datsun, mwambie mwalimu aingie asiumwe. Mimi natembea."

Na akatembea kweli! Miaka sabini na nne, kilomita mbili, mvua inamchapa mgongoni. Nilikaa kiti cha pili peke yangu, gari limezimwa, nikisikiliza mvua ikipiga bati la paa. Ndani kunanuka petroli na ngozi ya zamani. Ilipokatika nikafunga milango vizuri, nikamaliza njia kwa miguu. Nilimkuta kajifunika blanketi jikoni kwa mama, anapiga chafya. Nilicheka, kisha nikaona uchungu wa kumpenda mtu ambaye huruhusiwi kumwambia asante.

Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili

Vincent ameahidi mbele ya wote: kuanzia tarehe 20 mwezi huu IST inabaki nyumbani, ufunguo kwa Godwin. Yeye atapanda magari ya abiria. Siku kumi na tisa. Nimezihesabu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Mto umejaa.

Jumanne, 9 Aprili

Mtoto kapata kwikwi, tumbo linaruka. Mama Tabitha kaweka mkono, akasema ni msichana, wasichana wana kwikwi. Sijui katoa wapi.

Ijumaa, 12 Aprili

Vincent hajaja. Malori yamekwama mpakani. Mvua.

Jumatatu, 22 Aprili. Hospitali.

Naandika nimelala, kalamu inakataa. Lakini nisipoandika sasa watu wataanza kunisimulia yaliyonipata, na watasimulia kwa huruma. Sitaki huruma, nataka ukweli.

Jumanne iliyopita, tarehe 16, saa tisa alasiri, nilikuwa nakunja nguo nyumbani kwangu. Sikusikia maumivu. Nilisikia joto miguuni, nikaangalia chini, nikaona damu. Nikaita. Mama Tabitha alikuja mbio, akaona, akanilaza. Nikampigia Modesta. "Ondokeni sasa hivi," alisema, "msingoje chochote, hata kubadilisha nguo." Nikampigia Vincent. "Natoka," akasema, na nikasikia anakimbia. Lakini Sirari siyo jirani, na mvua hii. Bodaboda aliyepita njiani alimwambia mama hawezi kumbeba mtu anayevuja damu kwenye utelezi ule, na hakukosea.

Mzee alikuwa amesimama nje, chini ya paa la nyumba yangu, ameupa mlango mgongo. Mama Tabitha akamtokea, nikasikia kila neno.

"Baba Vincent, washa gari."

"Nani atakaa naye?"

"Si wewe ndiye dereva? Mimi sitaenea."

"Nikae bega kwa bega na mke wa mwanangu? Mama, unataka nimletee mtoto mkosi? Huyu ni wa tatu. Wa tatu! Nikivunja soni leo, mtoto atafia humo garini."

"Damu inatoka!"

"Naleta gari lenye kiti cha nyuma. Dakika kumi. Kule njia panda Probox za abiria hazikosekani."

Datsun ikawaka, ikaondoka.

Mama Tabitha alirudi ndani, akanishika mkono. "Ngoja kidogo, mwanangu." Na mimi nikangoja. Hili lazima niliandike, maana hakuna atakayelisema: na mimi nilingoja. Ningeweza kupiga kelele, "Baba, rudi, nitapanda!" Nilikuwa na sauti. Lakini nilimwonea soni. Miaka mitano nimejifunza heshima ya watu hawa, na siku ile nikafaulu mtihani.

Njia panda hapakuwa na Probox. Maji yalikuwa yamefunika daraja la chini, magari ya upande ule hayakuvuka. Akaenda kwa Godwin, Godwin yuko msibani. Akaenda mpaka maduka ya karibu na mgodi, akauliza gari kwa gari. Saa nzima na robo alizunguka kwenye mvua akitafuta kiti, na kiti kiko kando yake, kitupu.

Saa kumi na nusu nikasikia injini. Mlango wa gari ukabamizwa. Halafu nikasikia viatu ndani ya nyumba yangu. Mzee Mogesi alikuwa amevuka kizingiti cha mwanawe.  Alishika shuka upande wa kichwa, mama upande wa miguu, wakanibeba mpaka kiti cha pili. Mama akachukua kitenge, akafunga pindo moja kwenye kishikio cha juu ya dirisha, jingine akalipachika kwenye kiti, likawa pazia kati yetu. "Kwa ajili ya mtoto," akasema. Akafunga mlango, akabaki mvuani.

Sijawahi kuona gari likiendeshwa vile. Kila akibadilisha gia ngumi yake inagusa kitenge, anaivuta kama kagusa moto. Kwenye mteremko wa kwanza tulirushwa, kitenge kikaanguka miguuni pangu, kwenye damu. Nilimsikia akishusha pumzi. Hakusimama kukifunga.

"Mwalimu," akasema. Aliniambia mimi, si mama, wala gari. "Mwalimu, nisikie. Usilale. Sikiliza injini. Hii ni ya pili. Sasa hivi naingiza ya tatu, umeisikia? Ikibadilika, vuta pumzi. Hivyohivyo. Kuna tope mbele, itaserereka kidogo, usiogope, naijua. Haya, ya nne. Vuta."

Alisema hivyo njia nzima, macho yake barabarani. Mimi nilivuta pumzi kwa gia. Dakika thelathini na tano mpaka geti la hospitali, njia ambayo masika hula saa nzima. IST ya Vincent ilifika saa moja na nusu baada yetu, imejaa tope mpaka kwenye vioo.

Walinipasua. Alikuwa msichana. Hakulia. Daktari alisema neno la Kiingereza ambalo sikulishika, kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Damu ilitoka muda mrefu, mama." Nilimshika kidogo, wakamchukua. Vincent akaenda kumzika nyuma ya nyumba mimi nikiwa bado na mirija mkononi.

Jumatano, 24 Aprili

Mwezi wa pili niliwafundisha darasa la nne methali, Ngoja ngoja huumiza matumbo. Walicheka sana. Sitaifundisha tena.

Ijumaa, 3 Mei

Nimerudi nyumbani. Watu wamejaa, wananiambia Mungu ana makusudi yake. Yabaki kwake.

Mzee yuko bandani kwake. Nimepita. Miaka mitano sijawahi kupita bila kutupa shikamoo yangu kwa mbali, naye kujibu akiangalia milima.  Leo sikusalimia. Hakugeuka.

Jumatatu, 6 Mei

Namchukia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, namchukia mzee yule na gari lake na soni yake. Vincent anasema, "Mama pia alisema ngoja. Na mimi niliahidi tarehe 20 badala ya tarehe 10." Nikamwambia asigawe lawama kama pilau ya msiba. Akatoka nje, akalia kwenye IST, vioo vimefungwa. Nilimwona, sikumfuata. Nitajilaumu kwa hilo pia, zamu yake ikifika.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua imepungua. Maziwa bado yanatoka. Nani ayaambie?

Jumapili, 12 Mei

Wazee wamekuja. Aliyewaongoza ni Kornelio, mdogo wake mzee, na wengine wawili. Walikaa uani. Mimi na mama tulikuwa jikoni, mlango wazi, chai haijachemka.

Kornelio akaanza kwa mbali kama desturi, mvua, mifugo, kisha akafika. "Kaka, mambo yamefanyika. Umeingia nyumba ya mwanao. Umekaa na mke wa mwanao kiti kwa kiti mpaka hospitali Bomani, watu wamewaona mkishuka. Hatukuhukumu, kulikuwa na shida. Lakini mji haukai hivi. Atolewe mbuzi, mji usafishwe. Pengine hata mtoto asinge..."

"Usimalize," mzee akasema.

 Mama akaacha kuchochea moto.

"Mbuzi nitatoa. Mkitaka ng'ombe nitatoa ng'ombe. Lakini semeni kosa sawasawa, mnalisema vibaya. Nilikaa na mwalimu dakika thelathini na tano. Hilo si kosa langu. Kosa langu ni saa nzima na robo niliyoendesha peke yangu. Nilikuwa natafuta kiti! Mzima kabisa, nina macho, nauliza watu kiti, na kiti kiko hapa." Nikasikia anapiga kitu, nadhani ni paja lake. "Kwa hilo mna mbuzi gani?"

 Kornelio aliomba maji ya kunywa. Niliyapeleka mimi, kwa sababu mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mzee alinipisha, akaangalia chini kama siku zote. 

Sijamsamehe. Lakini leo, mara ya kwanza tangu Aprili, nimemwona kama mtu aliyefiwa. Alifiwa na mjukuu, na sisi wote tulimwacha akae bandani peke yake na msiba wake.

Jumatano, 15 Mei

Nimesema shikamoo, kwa mbali. Aliitikia. Basi.

Jumamosi, 18 Mei

Nelson amekuja kuchukua Datsun, kwenye lori la kubebea magari. Hakuna aliyemshauri mzee, hata Vincent hakujua mpaka lori lilipoingia. Tangu asubuhi mzee alikuwa akiliosha. Kiti cha pili alikisugua kwa brashi mara tatu, nikiwa dirishani. Kilikuwa kimeshatoka doa siku nyingi.

Nelson akazunguka gari akishangaa. "Mzee, ulinikatalia mara tatu, mpaka nikasema huyu hawezi. Kwani gari iko na shida gani? Niambie tu ukweli, hatutakosana."

"Gari halina shida. Kila kitu kinafanya kazi."

"Sasa?"

"Lina viti viwili."

Nelson akacheka, akidhani ni utani, akaona uso wa mzee, akaacha. Mzee aliliwasha mwenyewe, akalipandisha kwenye lori mwenyewe, akashuka. Hakupunga mkono. Lori lilipofika kona alikuwa bado amesimama, na Mama Tabitha akaenda akasimama naye, mkono wake kwenye kiwiko cha mumewe. Gari lililomleta kama bibi harusi ndilo lililoondoka. Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimelitakia moto gari lile. Badala yake nililia mpaka Vincent akaja kuniuliza kama ni mshono.

Jumamosi, 25 Mei

Mzee na Vincent wamerudi na gari. IST ya rangi ya fedha, pacha wa la Vincent. Alipoliwasha lilisalimia Kijapani. Hakuitikia. Vincent akajaribu utani, "Baba, hili sasa linanywa kidogo, utazoea." Mzee akasema ni gari zuri. Jamani, ningetoa chochote nisikie hata tusi moja kutoka kinywani mwake, aliite sufuria, aliite beseni. Alifungua milango ya nyuma yote miwili, akaifunga, akaifungua tena.

Jumanne, 28 Mei

Kliniki yangu ya wiki ya sita. Vincent Sirari, Godwin Musoma. Saa moja na nusu asubuhi Mama Tabitha akagonga. "Baba yako anasema yuko tayari kukupeleka. Anasema kama hutaki, si lazima."

Nikavaa. Nje jua, barabara imekauka, masika yamekwisha bila kuaga. Gari limeshawashwa, huwezi hata kusikia kama lipo. Mzee alikuwa amefungua mlango wa nyuma, akasogea hatua kumi, akasubiri niingie ndipo arudi kwenye usukani.

Nilikaa nyuma. Kiti kinaenea watu watatu, na mimi nikakaa mwishoni kabisa, dirishani. Nafasi iliyobaki kando yangu sikutaka kuiangalia.

Tulipofika barabara kubwa niligundua kitu. Anaendesha vibaya. Yeye! Anasitasita, anapigiwa honi, pikipiki zinampita bila yeye kujua. Nikachungulia mbele, nikaelewa. Kioo cha juu, kile cha kutazama nyuma, alikuwa amekigeuza kikaangalia paa, ili asinione. Gari lilitupa kiti cha heshima, halafu likatuwekea kioo, na yeye hakujua afanye nini nacho.

Lori la mchanga likatupita kwa honi ndefu, tukayumba.

"Baba," nikasema. Sauti yangu ilinishtua mwenyewe. "Rudisha kioo. Utagonga watu."

 Kisha mkono wake ukapanda, ukakishusha taratibu mpaka kikakaa sawa. Nikayaona macho yake, naye akayaona yangu. Hakuna aliyeangalia pembeni.

Tulikwenda hivyo kama kilomita mbili. Ndipo akauliza. Ni swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza tangu Aprili, si Vincent, si mama, si wale wote waliokuja na sukari.

"Mwalimu. Mimi sikumwona. Mtoto alifanana na nani?"

Niliinamia mbele.

"Alifanana na wewe, baba. Hili paji lako la uso, na masikio. Wewe mtupu."

Aliwasha indiketa ingawa nyuma hapakuwa na mtu. Akaegesha pembeni, karibu na shamba la mihogo, akazima gari, akaweka uso kwenye usukani. Nilishuka, nikafungua mlango wa mbele, nikakaa kando yake. Tukakaa hapo mpaka alipoweza kuendesha.